Zuhura hakumbemenda mtoto

Berlin, Jumapili usiku

Mama, shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo imeanza kuuma. Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: pale unaposema kwamba ukweni wanamsema Zuhura eti amembemenda mtoto, ndiyo maana Salimu ana miaka miwili na nusu na hajatembea. Na kwamba siku hizi Zuhura anaogopa hata kwenda bombani mchana. Mama, hilo siwezi kulinyamazia, maana linahusu kazi ninayoiamkia kila siku.

Unajua kazi yangu ni kukata ubongo. Kipande kilichogandishwa ndani ya nta kinapita kwenye kisu cha mashine, kinatoka chembamba, kinaelea juu ya maji ya vuguvugu kama utandu wa maziwa, nami nakiopoa kwa kioo. Kisha nakitia rangi. Ipo rangi moja ya buluu inayoshika mafuta yaliyozungushiwa nyuzi za neva. Ubongo wa mtu mzima ukiutazama kwenye hadubini, sehemu za nyuzi zote ni buluu. Wa mtoto njiti karibu wote haujashika rangi. Si kwamba umeharibika, bado haujavishwa.

Anayevisha si neva yenyewe. Seli za neva ni kama bilioni 86, na kando yake kuna seli za glia ambazo idadi yake inakaribia hiyo. Daktari Rudolf Virchow, aliyefanya kazi miaka mingi hapahapa Berlin, alizipa mwaka 1856 jina linalotokana na neno la Kigiriki la gundi, akidhani zimewekwa kushikiza tu. Kumbe ubongo unapojengwa tumboni kuna glia zinazosimama kama kamba, seli changa za neva zinazikwea mpaka mahali pake. Nyingine ni walinzi wanaozoa uchafu. Na zipo oligodendrosaiti, ambazo ndizo zinazomhusu Salimu. Moja hunyoosha mikono mingi, na kila mkono unauzungushia uzi wa neva mafuta, tabaka juu ya tabaka, kama marehemu baba alivyokuwa akifunga kilemba cha Idi. Uzi usiovishwa hupitisha ujumbe kwa mwendo wa mita 1 hivi kwa sekunde. Ulionenepa na kuvishwa vizuri unaweza kufika mita 100.

Sasa nisikilize hapa. Kati ya wiki ya 23 na ya 32 ya mimba, seli hizo za kuvisha bado changa, hazistahimili kukosa oksijeni wala maambukizi. Salimu alizaliwa wiki ya 29. Wewe ulikuwepo: chupa ilipasuka siku mbili kabla, Zuhura akashikwa na homa, mtoto akatoka hajalia. Maambukizi yakiingia, hata wale walinzi hutoa sumu zinazounguza seli changa zilizo jirani. Madhara hayo yaliingia Zuhura hajamtia mtoto hata titi mdomoni. Kubemenda kungetoka wapi?

Na ushahidi umo miguuni mwake. Nyuzi za kwenda miguuni hupita karibu kabisa na vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, mahali ambapo kwa mtoto njiti damu hufika kwa shida. Za mikono hupita mbali kidogo, za uso mbali zaidi. Ndiyo maana miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi, lakini kijiko anakishika, na ukimwita anacheka. Ile ripoti ya picha ya kichwa nilimpa daktari mmoja tunayefanya naye kazi aisome. Makovu yako pembeni mwa vyumba vya maji, pande zote mbili. Hospitalini walimwambia Zuhura "mtindio wa ubongo" wakafunga faili, hakuna aliyekaa naye hata dakika kumi. Hilo linaniuma karibu sawa na maneno ya ukweni.

Sitakudanganya, dawa ya kurudisha seli zilizokufa hakuna. Lakini kazi ya kuvisha nyuzi huendelea mpaka mtu anavuka miaka 20, na ubongo una akiba ya seli changa. Mwaka 2014 watafiti wa London walionyesha kwamba panya wanaojifunza kukimbia kwenye gurudumu lenye vijiti vilivyopachikwa bila mpangilio huzalisha oligodendrosaiti mpya, na waliozuiwa kuzizalisha hawakujifunza vizuri. Mtoto si panya, siahidi kitu. Ila nakuomba mazoezi ya pale mkekani yasikatishwe, na Salimu asipelekwe kuchanjwa chale.

Zuhura akishika mimba nyingine, aseme kliniki mapema kuwa aliwahi kujifungua njiti. Uchungu ukianza kabla ya wiki ya 32, ipo dripu ya magnesiamu salfeti anayopewa mama, inapunguza hatari ya mtindio kwa mtoto.

Ukweni nenda wewe, Mama, Ijumaa baada ya sala, umsomee mama mkwe wake barua hii. Zuhura asiwepo.

Halafu kuna viatu. Nimeona duka lenye viatu vya watoto vinavyofunguka mpaka vidoleni, mguu uliokakamaa unaingia bila kulazimishwa. Zuhura amsimamishe Salimu juu ya karatasi, amshike kwapani, wewe uchore nyayo zote mbili kwa sababu hazilingani. Weka rula pembeni ndipo upige picha unitumie.

Mwanao,
Mwanaidi