Hesabu haihitaji viza, ila data zinahitaji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua nitoe dukuduku langu. Nafundisha takwimu na sayansi ya data, na siku hizi nafundisha kwa kusafiri, wiki mbili nchi hii, wiki tatu nchi ile, na kila nikiaga watu wananiambia we una raha bwana, hesabu ni hesabu tu popote, beba laptopu na slaidi zako zilezile basi. Jamani, si kweli hata kidogo.

Aibu yangu ya kwanza niliipatia Ujerumani. Nilienda na ile data ya maua 150 ya airisi aliyoitumia mwanatakwimu Fisher mwaka 1936, ambayo walimu kibao wa fani hii ndo wanaanzia hapo, nikawaambia wanafunzi waandike vipimo vichache kwenye Excel. Sasa kule desimali inaandikwa kwa mkato, nukta wanaitumia kutenganisha siku na mwezi. Ua la kwanza lina sentimita 5.1 na 3.5, wakaandika hivyohivyo, likageuka tarehe 5 Januari na 3 Mei! Nimeduwaa mbele ya projekta, nikasema haya tuachane nayo tutafute wastani wa namba nyingine, andikeni AVERAGE, kumbe Excel ya Kijerumani haiijui hiyo, inataka MITTELWERT, na ukihamia ya Kifaransa ni MOYENNE. Saa nzima ikaisha takwimu hatujaigusa. Programu ya R, ya kukokotolea takwimu, angalau haibadilishi majina ya amri zake, ila nayo ukiilisha faili lenye mikato bila kuiambia, inakwambia hayo ni maneno sio namba.

Lakini hayo ukishayajua unarekebisha dakika 5 tu. Kinachonikera zaidi ni mifano. Unamletea mtu bei za nyumba za Boston, Marekani, hajawahi kufika Boston, hajui nyumba ya huko inapaswa kuwa bei gani, kwa hiyo kompyuta ikimpa jibu la ajabu hashtuki, anaandika tu. Na kwangu mimi kushtuka ndo nusu ya kazi ya mtu wa data, fomula kompyuta inazijua kuliko sisi.

Siku hizi naingia darasani mikono mitupu, data ni wao wenyewe. Naanza na siku na mwezi wa kuzaliwa, mwaka siutaki. Wakiwa 23 uwezekano wa wawili kugongana tarehe umeshapita nusu, wakiwa 30 ni kama asilimia 70, na sijaona nchi ambayo watu hawabishi kwanza, tena wanabisha kwa sauti! Mkalimani naye inabidi nikae naye mapema, maana nikisema tofauti ina maana kitakwimu, yaani si rahisi iwe imetokea kwa bahati tu, yeye anatafsiri "tofauti kubwa na muhimu", wakati inaweza kuwa kitofauti kidogo kabisa kisicho na faida kwa yeyote, ila tumepima watu wengi ndo maana kikaonekana.

Halafu nawaomba kila mtu akisie umri wangu kwenye kikaratasi. Lazima atokee mchekeshaji mmoja aandike 900, na huyo ndo namsubiri. Chukulia watu 20 wana wastani wa miaka 40, yeye wa 21 na 900 yake anaupeleka mpaka karibu 81, wakati ukizipanga namba kuanzia ndogo, ile ya katikati inatikisika kidogo tu au haitikisiki kabisa. Hapo sihitaji kueleza mediani ni ya nini, wanaanza kuelezana wenyewe kwa lugha yao na mkalimani anapumzika.

Darasa la mwisho nililofundisha, hata tulipomtoa huyo wa 900, mediani yao ilinizidishia miaka sita. Nimeipokea, nikaomba tuendelee na somo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa takwimu, safarini