Maji hayapandi

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Huku Unguja, jumbani kwetu Michenzani, sote wazima. Najua nimekunyamazia tangu sikukuu, na umepiga mara tatu sikushika. Utanitukana nikimaliza.

Mama kaanguka ngazini. Usishtuke, kavimba kifundo cha mguu tu. Lakini alikuwa kabeba ndoo na dumu la maji, miaka 68, anapanda ghorofa ya nne! Nilimkuta kaketi kwenye ngazi, maji yametiririka mpaka mlangoni kwa yule wa cherehani, naye anacheka. "Dumu halikumwagika," ananambia.

Basi kakangu ndo kapata sababu. Anataka kumhamishia Fuoni, nje ya mji, nyumba hii ya jumbani aipangishe. Wimbo wake ni mmoja: jumba limechoka, mabomba yamekauka, choo cha juu kinavujia wa chini. Si mwongo. Dari ya jikoni kwetu imebanduka pande la ukubwa wa sahani, nondo iko nje, nyekundu kwa kutu.

Mama haambiliki. Akianza, anaanzia nyumba ya babu ilivyobomolewa, watu wa mtaa wetu huu wa Ng'ambo wakaambiwa watapewa za kisasa, wakaenda kujitolea wakipokezana makarai ya zege. Wajerumani wa Mashariki walijenga Kikwajuni na Kilimani, lakini Michenzani, anasema, ni jasho letu. Mzee Karume, rais aliyeyaanzisha, kauawa 1972, majumba yote kumi hayajesha. Wao walipopata ufunguo, mama siku ya kwanza akawa anafungua mfereji anafunga, anafungua anafunga, mpaka bibi akamzaba kofi. Mfereji huohuo, Zuwena, mie leo natundikia mfuko wa vitunguu.

Maji hayapandi. Kila mtu chini kajiwekea pampu na simtangi lake, mwenye pampu kubwa ndiye anayeoga. Sisi wa juu tumebakishiwa upepo. Na dirishani naona mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi, na ile mall inawaka taa kama nyumba ya harusi. Huko maji yanapanda, nimeyaona chooni kwa macho yangu.

Ukumbi wetu bado ule, mrefu kama barabara. Unakumbuka tulivyokuwa tukishindana kukimbia mpaka mwisho wa jumba, siku ya Idi, na viatu vipya, kabla ya kwenda kwenye bembea za Kariakoo? Wewe ulikuwa ukiibia mwanzoni.

Kuhusu ngazi, kaka ana haki. Kuhusu kupangisha, ananiudhi. Mama mpaka leo anateremsha kikapu kwa kamba, muuza mkate anatia, anavuta. Fuoni atateremsha kikapu wapi? Tena hiyo nyumba ya Fuoni yenyewe... basi, hilo tutasema kwa simu.

Nakuomba umpigie Ijumaa baada ya sala. Wewe anakusikiliza. Lakini usimwambie ahame, wala usimwambie abaki, msikilize kwanza. Mamako ulimtoaje jumba nambari sita mpaka akakubali kwenda Maskati? Alilia? Anauliza khabari za huku? Na ile pampu ndogo aliyonunua shemeji, riali ngapi, na inafikisha ghorofa ya nne au inaishia ya pili?

Mie wako,
Saada