Muda wa ilani ya ufilisi uombwe kabla haujakwisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mamlaka ya mahakama ya kumwongezea mdaiwa muda wa kutekeleza ilani ya ufilisi (hati rasmi inayomtaka alipe deni aliloamriwa na mahakama, la sivyo aweze kuombewa kutangazwa muflisi), jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa huruma inayoweza kuombwa wakati wowote. Sivyo lilivyo.

Sheria ya Ufilisi ya Australia ya mwaka 1966 inalionyesha vizuri. Mdai mwenye hukumu ya dola 10,000 za nchi hiyo au zaidi anaweza kuomba ilani itolewe, na mdaiwa akishakabidhiwa ana siku 21 za kulipa au kufikia mapatano yatakayomridhisha mdai. Mahakama inaweza kuongeza siku hizo iwapo, kabla hazijakwisha, mdaiwa amefungua shauri la kutengua hukumu yenyewe au ameomba ilani ifutwe.

Mtazame mdaiwa aliyekabidhiwa ilani tarehe 1 Juni. Anampigia simu mdai, analipa nusu, anaambiwa "tutaongea", kisha anaisukuma bahasha pembeni mwa meza na kurudi kazini moyo umetulia. Tarehe 22 inapita. Kesho yake anahesabiwa kuwa amekwisha kutenda kile sheria inachokiita kitendo cha ufilisi, yaani kushindwa kutekeleza ilani, na mdai ana miezi 6 ya kukitegemea ili aombe mahakama imtangaze muflisi. Simu zile, hata zingekuwa za nia njema kiasi gani, hazikusimamisha siku hata moja.

Wapo wanaosema mamlaka haya ni kichaka cha wakwepa madeni. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu sheria hiyohiyo inaikataza mahakama kuongeza muda pale inapoona kwamba shauri la kutengua hukumu halikufunguliwa kwa nia njema au haliendeshwi kwa bidii. Upande wa pili ndio unaoniumiza: mtu mwenye rufaa ya kweli akitangazwa muflisi kabla haijasikilizwa, mali yake huingia mikononi mwa mdhamini, yaani msimamizi wa mali ya muflisi, na hata haki ya kuiendesha rufaa ile dhidi ya hukumu ya deni humtoka. Anabaki kando akitazama kama mdhamini ataona inafaa kuendelea nayo.

Kwa hiyo nawasihi mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaowapokea wadaiwa waulize kwanza tarehe ambayo ilani ilikabidhiwa, kabla hata ya kuuliza deni lilianzaje.

Msomaji wako