YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIDEO ZA FIZIKIA KIDATO CHA NNE ZENYE MAANDISHI YASIYOSOMEKA

Isevya,
Tabora.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa tuisheni hapa Isevya, na nimelipia kifurushi chenu cha video za Fizikia kwa mwaka mzima. Sauti ni safi na mwalimu wenu anajua kufundisha. Naye sina ugomvi. Ugomvi wangu ni maandishi. Kila herufi nyeusi kwenye slaidi nyeupe imezungukwa na vumbi la kijivu linalochezacheza, hata pale slaidi yenyewe imetulia tuli. Vichwa vya somo vinavumilika. Tarakimu ndogo ndizo zinazotumaliza. Kwenye somo la mionzi, namba iliyo juu kushoto mwa alama ya urani imewagawa wanafunzi wangu: wengine wameandika 235, wengine 238, na wote walikuwa wakitazama ukuta mmoja. Sasa 235 ndiyo inayopasuliwa na nyutroni za mwendo mdogo. Kwenye mtihani hiyo ni alama inayopotea.

Msaidizi wenu wa simu alinishauri ninunue projekta mpya. Nilisimamisha video, nikahifadhi picha moja na kuikuza kwenye kompyuta. Vumbi limo ndani ya picha yenyewe, tena linakatika ghafla kwenye mistari iliyonyooka, mraba kwa mraba. Kisha nikatengeneza slaidi yangu kwa herufi za ukubwa ule ule, nikairusha kwa projekta ile ile, ikatoka safi kabisa.

Hiyo miraba inasema kosa liko wapi. Mafaili yenu ni ya H.264, mfumo wa kubana video ambao hukata picha vipande vya pikseli 4 kwa 4 au 8 kwa 8, kila kipande ukakigeuza kuwa mchanganyiko wa mawimbi ya weusi na weupe, makubwa (mapana) na madogo (membamba), kisha ukapunguza usahihi wa mawimbi madogo ili faili liwe jepesi. Uso wa mtu hauumii sana kwa hilo. Lakini ukingo mkali, nyeusi ikikutana na nyeupe, unayahitaji mawimbi madogo hayo ili yale makubwa yafutane vizuri. Yakikosekana, mabaki yanasambaa kwenye weupe wa jirani hadi mwisho wa kipande. Kichujio kilichomo kwenye H.264 hulainisha maungio ya vipande. Vumbi la katikati hakiligusi. Na slaidi zenu za maandishi mekundu juu ya bluu ni balaa zaidi, maana rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha. Sijui nani alizichagua rangi hizo.

Kinachoniudhi ni kwamba video yenu ya majaribio, ile ya bure, iko safi. Kwa hiyo mnaweza. Mliamua kuzibana kupita kiasi zile tunazolipia.

Naomba mzitengeneze upya kutoka kwenye rekodi asilia, kwa kiwango kikubwa zaidi cha biti, yaani data nyingi zaidi kwa kila sekunde ya video. Msichukue haya mafaili ya sasa mkayabana tena, kwani kilichotupwa humo hakirudi. Faili halitavimba sana, kwa sababu slaidi iliyotulia haidai biti nyingi kila sekunde. Wakati tunasubiri, nitumieni slaidi zenyewe kwa PDF, mkianza na somo la mionzi na la mawimbi, kwa kuwa watahiniwa wangu wanazihitaji sasa. Kama hayo hayawezekani, nirudishieni fedha ya miezi iliyobaki.

Nimeambatisha picha niliyoikuza pamoja na risiti ya malipo. Nijibuni kwa maandishi. Kwa simu nimekwisha kujibiwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Isevya, Tabora.