Kabla hujanunua magunia: barua kwa Mama Baraka

Dodoma,
Oktoba

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. Natumaini wewe, Baba Baraka na watoto hamjambo. Nimefurahi mno kusikia kijiji kimewapa akina mama eneo la bustani karibu na kilula, lile bomba la kuchotea maji. Umeniuliza mnunue magunia mangapi ya kupandia mboga, na mbegu gani. Nitakujibu, ila nakuomba uanze na orodha ya watu, hasa wale wenye ulemavu. Bustani ikishapangwa bila orodha, ni vigumu kuipangua tena, na wale waliosahaulika watabaki wakigawiwa mboga badala ya kuwa wakulima wake.

Unapopita nyumba kwa nyumba usiulize "Hapa kuna mlemavu?" Utajibiwa hakuna, hata mahali ambapo mtoto anashinda ndani. Tumia yale maswali sita ya Kundi la Washington, wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa: je, unapata shida kuona hata ukivaa miwani? Kusikia, hata ukitumia kifaa? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka mambo au kutuliza akili kwenye jambo moja? Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Kuelewana na watu mnapozungumza lugha yenu? Majibu ni manne: hapana, kiasi, sana, siwezi kabisa. Mwenye "sana" au "siwezi kabisa" hata kwenye swali moja tu, mwandike. Kwa njia hiyo utampata bibi mwenye mtoto wa jicho anayelea wajukuu, ambaye mwenyewe hajihesabu kuwa mtu mwenye ulemavu na hakuna aliyewahi kumwita kikaoni. Maswali haya hayawafai watoto wa chini ya miaka 5. Kwao zungumza na mama: watoto wa rika lake wanafanya nini ambacho yeye bado? Tembea na mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2010 inataka kamati hizo ziwepo kuanzia ngazi ya kijiji. Kama yenu ipo kwenye makaratasi tu, kazi hii ndiyo nafasi ya kuifufua.

Sasa pima eneo. Njia kati ya safu na safu isipungue sentimita 90. Kwenye safu atakayopita mwenye kiti mwendo acha 120, na mwishoni mwa njia acha mita moja na nusu kila upande ili aweze kugeuka. Ardhi ya huko ni ya kichanga na magurudumu yanazama, kwa hiyo mwageni udongo wa kichuguu, mnyunyizie maji na kuushindilia kabla ya kuweka gunia hata moja. Gunia la anayefanya kazi akiwa amekaa likunjwe liishie kama sentimita 70 kutoka chini. Kwa asiyeona, funga kamba kutoka kwenye kilula hadi kwenye magunia yake, fundo moja kwa kila gunia, na mtu asihamishe chochote bila kumwambia. Mwenye ualbino apewe zamu ya kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kofia pana na mikono mirefu. Ulizieni kwenye kliniki ya ngozi losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi.

Gunia lenyewe ni la kilo 100. Changanya ndoo tatu za udongo wa juu kwa ndoo moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu. Chukua kopo la rangi la lita 4, toa kitako, lisimamishe katikati ya gunia na ulijaze mawe ya ukubwa wa ngumi. Jaza udongo kuzunguka kopo, livute juu, ongeza mawe, ongeza udongo, hadi gunia lijae. Hiyo nguzo ya mawe ndiyo njia ya maji. Mwagilia siku tatu udongo ushuke, kisha toboa kwa kisu matundu yanayopishana, umbali wa sentimita 20, ukianzia sentimita 20 kutoka chini. Pembeni panda miche ya sukuma wiki, chainizi au mnavu. Mchicha, mwaga mbegu zake juu.

Makosa mawili ndiyo yanayoua magunia mengi. Samadi mbichi huunguza mizizi ndani ya wiki. La pili ni nguzo ya mawe kuzibwa na udongo kwa sababu aliyejaza alilivuta kopo likiwa halijajaa mawe: juu kunastawi, chini miche inanyauka, na watu wanazidisha maji bure. Ingiza kidole kwenye tundu la chini kabisa. Kukiwa kukavu saa moja baada ya kumwagilia, lifungue gunia na ulijaze upya.

Sasa hesabu ya maji, ambayo wengi huiruka. Msimu huu gunia moja linakunywa kama lita 10 kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Magunia matano ni lita 50, yaani ndoo kubwa mbili na nusu za ziada, kila siku, kichwani kwa mtu yuleyule. Anzeni na magunia mawili kwa kaya. Maji ya kusuuzia vyombo yanafaa. Ya sabuni ya unga hayafai.

Mkanda wa kupimia mkono najua unao. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 pima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia, mkanda uguse ngozi bila kubana. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni wa kadiri. Bonyeza pia juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba sekunde tatu: vishimo vikibaki, mtoto aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mkanda unaonyesha kijani, rangi ya mtoto mzima.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo usimpime kwa mkanda peke yake. Fuatilia uzito wake kila mwezi, halafu omba kumwona akila. Mara nyingi chakula kipo nyumbani, ila analishwa akiwa amelazwa chali, uji mwepesi, haraka haraka, na sehemu ya uji inaingia njia ya hewa. Akikohoa kila kijiko, macho yakilengalenga, sauti ikiwa na maji kooni, ndiyo hiyo. Mwelekeze mama amkalishe wima, nyonga zikunjwe, kichwa kiinamie mbele kidogo, kidevu kikielekea kifuani. Uji uwe mzito, unaodondoka taratibu kijiko kikiinamishwa. Nusu kijiko cha chai kiwekwe katikati ya ulimi, asubiriwe ameze, ndipo kije kingine. Akimaliza abaki wima nusu saa. Kikohozi kisipopungua, au akipata homa na kupumua kwa shida, ni hospitali. Mlo mmoja wa namna hii unaweza kuchukua dakika arobaini. Mama huyo hawezi kufika bustanini saa 2 asubuhi mliyopanga, na kumwandika "mtoro" ni kumwonea. Magunia yake yawe mlangoni kwake, na wanakikundi wawili wampelekee maji kwa zamu. Mwezi wa Juni na Desemba, wakati wa matone ya vitamini A, hakikisheni mtoto wake yumo. Watoto wa namna hii ndio hukosa, maana hawabebwi kwenda popote.

Ule unga wa lishe wenye mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya na karanga kwa pamoja, wakatazeni. Nafaka nne hazimpi mtoto zaidi ya nafaka moja nzuri. Soya isiyoivishwa inazuia protini isisagike tumboni, na mafuta ya karanga huchacha ndani ya unga. Kubwa zaidi ni sumukuvu. Karanga chache zenye ukungu zikishasagwa humo hakuna jicho litakaloziona, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Tumieni unga wa mtama au uwele peke yake, na wakati wa kupika mama atie maziwa, yai, au karanga alizochambua na kuzitwanga mwenyewe. Wasilowanishe karanga ili zibanguke upesi. Huo unyevu ndio mwanzo wa ukungu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si ardhini. Kujua kama yamekauka, tia konzi moja kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, acha itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisheni juani. Yakikauka yaingie mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ifungwe tabaka kwa tabaka, isifunguliwe ovyo.

Mkopo wa halmashauri usiwahangaishe sasa. Ile asilimia 2 inayotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ndani ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, haina riba, lakini andaeni kwanza katiba ya kikundi, mihtasari yenye saini au dole gumba, na akaunti ya benki.

Marando ya viazi lishe, aina mbili za Mataya na Kiegea, nitakutumia kwa basi la Ijumaa, kila aina na kitambaa chake. Yakifika yaweke kivulini, usiyaloweke. Mvua bado, kwa hiyo yapande kwanza pale yanapomwagikia maji ya kilula, vipande vya sentimita 30, theluthi mbili zikae ardhini, mpate mbegu ya kutosha. Matuta yasubiri mvua: mita moja tuta hadi tuta, sentimita 30 shina hadi shina. Zuieni mbuzi kwa miiba tangu siku ya kwanza.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Mama Tumaini