Somo yangu, kipandauso hakingojwi

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale ulipoandika kwamba ulilala bafuni, shavu juu ya kigae, kwa kuwa ndipo palipokuwa na baridi na giza. Kigae hicho nakijua. Najua panja linavyopwita sambamba na moyo, upande mmoja tu. Najua hata kuinama kuokota kandambili kunavyoongeza maumivu, na harufu ya mafuta ya nywele uliyoipenda jana inavyokutia kichefuchefu leo.

Waliokiita kipandauso bila shaka walikuwa wanakijua vizuri. Changu huanzia kisogoni, hupanda taratibu nyuma ya sikio, kisha hutua juu ya jicho la kushoto na kukaa.

Kazini wamekuambia "ni kichwa tu hicho, meza kidonge urudi." Pole, somo. Hilo limeniuma kuliko yote uliyoandika, maana maumivu ni jambo moja, na kutoaminiwa ni jambo jingine zito. Kipandauso si kichwa cha kawaida kilichozidi. Ni ugonjwa wa ubongo na neva, mara nyingi hutembea katika ukoo, na wanawake hupatwa karibu mara 3 zaidi ya wanaume. Kisipotibiwa, shambulio moja kwa mtu mzima hukaa saa 4 hadi 72. Siku 3! Mtu aliyelala siku 3 gizani hajajidekeza.

Sasa umeniuliza nilifanya nini nikapata nafuu. Nitakueleza yote, ila nianze na makosa yangu, kwa sababu nimeyaona yakichungulia ndani ya barua yako.

Kosa la kwanza ni kungoja. Umeandika, "navumilia kwanza nione kama kitazidi." Somo yangu, hicho ndicho kilichonitesa miaka. Nilidhani kumeza dawa mapema ni uoga, kwa hiyo nilingoja mpaka nishindwe kabisa, halafu nikalalamika kwamba dawa hazinisaidii. Kumbe shambulio likishika kasi, tumbo nalo hupunguza kazi yake. Kidonge unakimeza, kinabaki kimekaa tumboni, hakipiti kwenda kwenye damu upesi inavyotakiwa, na ukitapika ndiyo basi. Tena kuna hatua ngozi yenyewe inaanza kuuma: ukipitisha kitana kwenye nywele unahisi unachunwa, hereni inauma, mto unauma. Ukifika hapo, mfumo mzima wa neva umeshawaka, na hata dawa nzuri hufanya kazi kwa shida. Siku hizi, maumivu yakiwa bado madogo na nikishatambua kwamba ni chenyewe, nameza pale pale, dozi kamili. Parasetamoli miligramu 500 niliyokuwa nameza zamani kwa kipandauso ilikuwa nusu tu ya dozi ya mtu mzima. Kwa kawaida ni miligramu 1000, au ibuprofeni 400, au aspirini 900. Wewe una pumu, kwa hiyo aspirini na ibuprofeni usiziguse kabla ya kuuliza. Vidonda vya tumbo na ujauzito pia ni sababu ya kuuliza kwanza.

Mwambie daktari kuhusu kutapika vilevile. Mimi nilinyamaza nikiona kichefuchefu ni jambo dogo. Alinipa metoklopramidi nimeze pamoja na dawa ya maumivu. Inatuliza kichefuchefu na inalisukuma tumbo lifanye kazi, hivyo kidonge kinapita. Nilishangaa jinsi parasetamoli ile ile ilivyoanza kuonekana kama dawa mpya.

Kosa la pili ndilo nataka ulisome taratibu. Siku nilipokwenda kwa daktari aliyenisaidia, hakuniuliza kwanza kichwa kinaumaje. Aliuliza, "Mwezi uliopita, ni siku ngapi ulimeza chochote cha kutuliza maumivu?" Nikajibu, siku chache. Akanituma nyumbani nikahesabu. Nilifungua droo ya kitanda, mkoba, mfuko wa koti, nikakusanya makaratasi matupu ya vidonge nikayapanga kitandani. Kisha nikaanza kukumbuka: hiki cha Jumatatu asubuhi, hiki cha kabla ya kikao, hiki nilimeza kwa kuogopa tu kwamba kitaanza. Zilikuwa siku 22. Nilikaa pembeni ya kitanda nikilia, somo, sikujua hata kwa nini.

Alinieleza kwamba kwa mtu mwenye kipandauso dawa hizi zikizidi huanza kuzaa maumivu zenyewe. Mpaka wake unajulikana: parasetamoli, aspirini na ibuprofeni zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita zaidi ya 3, unaingia humo. Kwa vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa zaidi ya moja, vile vyenye kodeini, ile dawa kali ya maumivu, na triptani ambazo nitakueleza, ni siku 10 tu. Kinachohesabiwa ni siku, wala si idadi ya vidonge. Ukiamka na kichwa kizito kila asubuhi, ukameza, kikatulia, kikarudi kesho yake, ujue unazunguka kwenye duara. Wewe umeandika, "sasa kinauma karibu kila siku, ila si kikali kama zamani." Moyo wangu ulidunda niliposoma hapo.

Kutoka kwenye duara hilo ni kuacha. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, sitakuficha. Kichwa kilirudi kwa hasira, usingizi ukakata, nikawa mkali kwa kila mtu. Kuelekea mwisho wa wiki ya pili niliamka asubuhi moja nikakaa kitandani nikisikiliza kichwa changu, na hakukuwa na kitu. Kimya. Nilikuwa nimesahau kimya hicho kikoje. Lakini usiache peke yako kwa pupa, hasa kama kuna zenye kodeini. Mwone daktari akupangie.

Kuhusu triptani: hizi ni dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kipandauso chenyewe. Ya kwanza, sumatriptani, iliingia sokoni 1991. Hufanya kazi kwenye mishipa ya damu na kwenye neva kubwa ya uso, ile inayopeleka maumivu kwenye ubongo. Mimi hunisaidia ndani ya saa 2 nikiwahi. Hunipa uzito kifuani na shingoni kwa muda mfupi. Mara ya kwanza niliogopa sana, sasa nimezoea kwa kuwa daktari aliuchunguza moyo wangu kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyotulia hapewi.

Nina swali moja, unijibu ukweli. Je, kabla ya kichwa kuanza, huwa unaona vimulimuli? Mimi mara ya kwanza nilikuwa nasoma. Katikati ya ukurasa pakatokea tundu, herufi zikapotea, halafu pembeni ya tundu ukaota mstari wa meno meno kama ya msumeno, unang'aa na kucheza, ukapanuka taratibu. Nilifumba jicho moja, ukawepo. Nikafumba la pili, bado upo. Nikajua napofuka. Baada ya dakika 20 hivi ukaondoka wote, ndipo kichwa kikaanza. Wanaiita aura, kwa kawaida hukaa dakika 5 hadi 60, na si kila mwenye kipandauso anaipata. Nakuuliza kwa sababu ya vidonge vya uzazi wa mpango unavyotumia. Kama una aura, vile vyenye estrojeni, ile homoni ya kike, havikufai. Vinaongeza hatari ya kiharusi. Zipo njia nyingine zisizo na estrojeni. Hili usilingoje, hata kama mengine yote utayaahirisha.

Nije kwenye vitu vya nyumbani. Giza na ukimya, unajua. Baridi: barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 kwenye kisogo au paji la uso, haiponyi, lakini inakupa kitu cha kushikilia wakati dawa inaanza kazi. Usingizi ukija, usiukatae. Miwani myeusi vaa juani, ila usishinde nayo ndani siku nzima. Macho yakizoea giza, mwanga mdogo tu utakuumiza zaidi. Kahawa kidogo mwanzoni mwa shambulio humsaidia mtu kweli, lakini anayeinywa kwa wingi kila siku akiikosa siku moja, kichwa kitamdai.

Umeniletea orodha ndefu ya vyakula ulivyoacha. Nimeisoma kwa huruma, kwa sababu unajinyima vitu vingi mno na sidhani kama vyote vina hatia. Chukua chokoleti. Siku moja kabla ya shambulio, mwili wangu hubadilika: napiga miayo isiyo na usingizi, shingo inakaza, nakosea majina ya watu, na natamani kitu kitamu. Miaka mingi niliamini chokoleti ndiyo iliyoleta kichwa. Kumbe shambulio lilikuwa limeshaanza kimyakimya ndani ya ubongo, na hamu ya chokoleti ilikuwa dalili yake. Tangu nilipolielewa hilo nimeacha kuilaumu, na miayo imekuwa kengele yangu: naahirisha safari, nakula mapema, nakunywa maji, naweka dawa mkononi.

Vinavyoniletea kweli ni vichache: kuruka mlo, kulala kupita kiasi siku ya mapumziko, na hedhi. Ya hedhi inatabirika, kwa sababu estrojeni hushuka. Angalia siku 2 kabla hadi siku 3 za mwanzo. Kama chako kinaangukia hapo, daktari anaweza kukupa dawa ya siku hizo tu.

Na kama siku za kipandauso zinafika 4 au zaidi kwa mwezi, omba kuzungumzia dawa za kuzuia, zile za kumeza kila siku hata kama huumwi. Mimi natumia propranololi. Wewe kwa sababu ya pumu usikubali upewe hiyo. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku inatumika pia, na zipo nyingine. Akitaja valproeti, mkumbushe kwamba bado una nia ya kuzaa, kwani inamdhuru mtoto tumboni. Tangu 2018 zimekuja pia sindano zinazozuia protini moja iitwayo CGRP, ambayo neva hizo huimwaga wakati wa shambulio; nyingi huchomwa mara moja kwa mwezi, ingawa hazipatikani kila mahali. Kidonge chochote cha kuzuia kipe angalau wiki 8 kabla ya kusema hakifai. Mimi cha kwanza nilikiacha wiki ya tatu, na ninajuta.

Jambo moja la kukutia hofu kidogo, kwa makusudi. Kichwa kikija ghafla kikafika kilele ndani ya dakika moja, au kikaja na homa na shingo ngumu, au mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito, au ni baada ya kuanguka, usilale gizani. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea kidaftari. Nimekupigia mistari kurasa za miezi 3: tarehe, kiliuma kiasi gani, ulimeza nini na saa ngapi, hedhi. Usiandike maelezo marefu. Siku ya kichwa hutaweza. Alama tu. Anza na kuhesabu yale makaratasi matupu ya vidonge, leo, kabla hujayatupa, uniandikie umepata siku ngapi. Hata zikiwa 30.

Ukipata tarehe ya daktari niambie mapema, nitakuja twende wote. Nitakaa upande wa dirisha, na ukishindwa kuongea nitamsomea kidaftari mimi.

Nakukumbatia, taratibu, bila kukutikisa kichwa.

Ni mimi, somo yako