Maji ya kujaribia matangi yapimwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Nimechomelea matangi ya mafuta kwa miaka 27, mengi hapa pwani. Naomba nafasi niseme kuhusu maji tunayojazia tangi jipya ili kulijaribu.

Tangi likimalizika kuchomelewa hujazwa maji hadi juu. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo tangi likiyahimili bila kuvuja wala kutitia upande mmoja, mafuta halitayashindwa. Jaribio hilo ni la lazima na nalitetea. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi hakuna anayeuliza maji yametoka wapi na yatakaa humo siku ngapi.

Katika kazi moja, maji ya bomba yalikuwa ya mgawo na maboza yakaonekana ghali. Kikachimbwa kisima karibu na ufukwe. Nilionja maji yake, yalikuwa ya chumvi. Nilipomweleza msimamizi, alisema ni ya siku mbili tu. Tangi likafaulu, tukapongezana, mitambo ikahamishwa. Kumbe hakuna aliyepanga maji yamwagwe wapi. Mtaro ulielekea kwenye mashamba ya watu, kibali kikasubiriwa, maji yakakaa miezi mitatu.

Tulipofungua mlango wa chini tulipokewa na harufu ya yai viza. Sakafu ilikuwa na tope jeusi lenye utelezi. Nikakwangua, nikaona vijishimo vimejipanga kando ya mishono ya weldingi, vingine vikiwa na kina cha milimita 2 katika bamba la milimita 8. Hiyo si kutu ya kawaida inayotapakaa juu juu. Chini ya tope hakuna hewa, na humo huzaliana bakteria wanaogeuza salfeti ya maji ya chumvi kuwa gesi ile inayonuka. Pale walipo ndipo chuma kinapoliwa, kwenda chini. Tulikata na kubadili mabamba 11. Tangi lilikuwa halijapokea hata lita moja ya dizeli!

Tangi la chuma cha pua (stenlesi) nalo wengi hudhani halina hofu ya maji. Chumvi hukitoboa chuma hicho na hata kukipasua. Kanuni ya Marekani ya API 650, ambayo wajenzi wengi huifuata, inataka kloraidi, yaani sehemu ya chumvi iliyomo majini, iwe chini ya miligramu 50 kwa lita kwa tangi la aina hiyo. Maji ya bahari yana takriban 19,000. Kwa chuma cha kawaida, maji ya kunywa yasizidi siku 21, maji mengine yasiyo ya chumvi siku 7, kisha tangi likaushwe kabisa.

Nawaomba wanaoandika mikataba waweke tangu mwanzo fungu la kununua maji, kuyapima maabara na kuyamwaga. Mjenzi asiyelipwa fedha ya maji atatafuta ya bure. Na anayetia dawa ya kuua bakteria asiyaachie maji hayo mtaroni, maana yanaishia mkondoni wanakovua watu.

Wasimamizi nao wasisaini cheti kabla ya kuingia tangini wenyewe na tochi, wakague pembeni mwa sakafu na chini ya mabomba, ambako maji hujificha. Kazi ya kukausha kwa matambara na ndoo ni ya siku mbili. Yale mabamba 11 yalituchukua wiki tano.

Mchomeleaji mstaafu,
Kigamboni, Dar es Salaam